Njia ya Mavivi

Butembo, Jumatatu 8 Septemba

Daktari anasema tumbo langu halina kidonda, lina mawazo. Ameniandikia dawa ya unga, kisha akanishauri nitafute mtu wa kumwambia yanayonisumbua. Mtu huyo sina. Wateja wangu wana shida zao, mama ana kwaya yake, na mawakili wenzangu ukiwaambia unaogopa kitu, kesho utakisikia mahakamani. Basi nimenunua daftari, tuone kama lenyewe litanyamaza.

Mvua imeanza. Barabara ya Bulengera imekuwa uji. Nimefika ofisini viatu mkononi kama mtoto wa shule, mimi Maître Virginie, wakili wa kesi za kazi, ambaye matajiri wa mji huu wananisalimia kwa tabasamu la nusu.

Alhamisi 11 Septemba

Leo amekuja mteja kutoka Beni. Anaitwa Éliakim, dereva wa lori. Mwajiri wake ni Papa Ézéchias, mnunuzi wa kakao mwenye depo kubwa pale Beu, mtaa wa Beni. Amefukuzwa mwezi wa nane kwa "kosa kubwa", bila notisi, bila chochote.

Kosa lenyewe ni hili. Msimamizi wa depo, Kitsa, ambaye ni mkwe wa tajiri, alimwamuru alfajiri apite Mavivi akachukue mzigo kule mbele, kabla ya msafara wa magari yanayosindikizwa na askari kwa sababu ya waasi wa msituni. Kitsa alitaka kakao ifike kabla ya ile ya wenzake. Éliakim alifika Mavivi, akazima lori karibu na uwanja wa ndege, akamwachia mlinzi wa kizuizi funguo, akarudi mjini kwa miguu. Kitsa ameandika kwamba dereva ametupa gari la kampuni njiani.

Nilimuuliza kwa nini hakumpigia tajiri mwenyewe simu. Akaangalia dirisha. Ni mtu mrefu, mzito wa maneno, kila jibu lazima ulivute. Nusu saa haijaisha nilikuwa nimeshachoka naye. Mwishowe nikamuuliza anataka nini hasa, fidia, barua ya kazi, au nini.

"Maître, mi nataka tu banirudishe ku kazi," akasema. "Juu ya bon."

Bon ni ile karatasi ya matunzo ambayo kampuni humpa mfanyakazi, akifika nayo hospitali anapokelewa yeye na watu wake wa nyumbani. Éliakim ana binti wa miaka tisa, Falonne, mwenye ugonjwa wa damu ule tunaouita SS, yaani selimundu. Mvua zikija na malaria, damu yake inakwisha mwilini na lazima aongezwe nyingine upesi. Kwa bon, mlango unafunguka. Bila bon, baba anaanza kuzunguka kwa ndugu na majirani huku mtoto anangoja kwenye benchi. Tangu mwezi wa nane bon hakuna.

Mawakili wa Beni wote wamemkataa, kila mmoja kwa sababu ya heshima kabisa. Mimi nimekubali, na tumbo likaanza kuuma kabla hajatoka mlangoni.

Ijumaa 12 Septemba

Mama ameshajua. Sijui nani alimwambia, katika mji huu habari hazihitaji miguu. Papa Ézéchias ni mzee wa kanisa lao huko Beni, na hata hapa Butembo ndiye aliyetoa mabati ya paa, na mama anaimba chini ya mabati hayo kila Jumapili. Amenipakulia sombe, yale majani ya muhogo, bila kuniangalia usoni.

Jumatano 17 Septemba

Mvua kutwa. Hakuna mteja hata mmoja.

Ijumaa 26 Septemba

Nimerudi kutoka Beni salama. Naandika salama kwanza ili niweze kupumua.

Sheria inataka kesi ya kazi ipite kwa mkaguzi wa kazi kwanza, ajaribu kupatanisha watu kabla hawajafika kwa hakimu. Kwa hiyo nimepanda gari la abiria asubuhi. Katikati ya njia kuna kilima ambapo waasi hushambulia magari, na hapo mazungumzo yote hukatika. Hakuna anayetoa amri. Mama wa mbele yangu alikuwa anasimulia harusi ya dada yake, akanyamaza pale pale, na tulipovuka akaendelea na nguo za bibi harusi kana kwamba hakukatika. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Papa Ézéchias hakuja. Alikuja Kitsa, kijana wa saa kubwa na viatu visivyojua matope, pamoja na wakili wake. Wakili mwenyewe ni Maître Paulin. Nilifanya mafunzo kwake miaka miwili, ndiye aliyenifundisha kazi hii hata namna ya kuvaa kanzu ya mahakamani. Alinikumbatia kama binti yake, kisha akaeleza kwa dakika ishirini kwamba dereva anayeacha gari la watu barabarani ni hatari kwa uchumi wa mkoa mzima. Éliakim, alipopewa nafasi, alisema tu kwamba msafara ulikuwa haujapita. Basi. Nilitamani kumfinya.

Hatukupatana. Mkaguzi ametuandikia karatasi ya kushindwa, sasa tunaweza kwenda mahakamani. Wakati wa kuagana Paulin alinivuta pembeni, akaniambia mambo ya namna hii yanatengenezwa nyumbani kwa wazee, si kwenye tribunal, yaani mahakamani, na kwamba nitajichafua bure. Kibaya ni kwamba alisema kwa upendo.

Ijumaa 3 Oktoba

Nimeweka kesi mahakamani Beni. Kikao cha kwanza tarehe ishirini. Nimeomba arudishwe kazini na bon irudi naye.

Alhamisi 9 Oktoba

Éliakim amepiga simu saa sita mchana. Falonne ana homa na macho yamekuwa ya manjano. Wako hospitali, kwenye benchi. Nilipiga simu kwa mtu ninayemjua pale, naye akapiga kwa mwingine, na saa tisa mtoto akapata kitanda. Siku nzima sikufanya kazi nyingine. Nimejiambia kwamba wakili si ndugu wa mteja, Paulin alikuwa akinirudia neno hilo kila wiki. Mwenyewe sijui kama aliliamini.

Jumanne 14 Oktoba

Mtoto amepata nafuu. Mvua.

Jumatatu 20 Oktoba

Leo nimejiona, na sikupenda nilichokiona.

Kesi ilikuwa asubuhi. Nilikuwa kwenye gari mapema, lakini dereva alikuwa anaongea na simu pembeni na hataki kuwasha. Kulikuwa na uvumi kwamba adui, wale waasi, wameonekana njiani. Uvumi tu, tunausikia kila wiki. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja, kwamba mwenye kushtaki asipofika kikao cha kwanza hakimu anaweza kufuta kesi, na Falonne arudi kwenye benchi. Nikamwambia dereva, kwa sauti ile ninayowawekea waajiri wabishi, kwamba nimelipia kiti, nina kazi, awashe gari twende.

Akanigeukia bila haraka.

"Na bale bengine balilipaka pia, mama."

Bale bengine, yaani wale waliolipa wasifike. Tulingoja mpaka gari la kwanza kutoka Beni likafika na kusema njia ni nzuri, ndipo tukaondoka. Nilichelewa, na bahati yangu hakimu alikuwa ameahirisha tu mpaka tarehe kumi na tatu Novemba.

Njia nzima nilikuwa naona haya. Katika hoja zangu nimeandika maneno makali juu ya Kitsa, mtu anayekaa ofisini na kumtuma mwingine apite kwenye hatari. Leo asubuhi sauti ya Kitsa ilitoka kinywani mwangu, na tena mimi nilikuwa na sababu nzuri. Labda naye alidhani anayo.

Baada ya hapo nikaenda kwa Éliakim, Beu. Mke wake, Bénite, alinipa chai na viazi vitamu. Falonne alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu myembamba, tumbo kubwa kidogo, macho bado na rangi ile. Akaniuliza kama ni mimi nitamrudisha baba ku kazi. Nikasema nitajaribu. Aliniangalia muda mrefu, watoto wa hospitali wanajua maana ya nitajaribu.

Nilimuuliza tena Éliakim kwa nini hakumpigia tajiri simu siku ile. Safari hii alijibu, labda kwa sababu tulikuwa kwake. Alisema hawezi kumshtaki mtu kwa baba mkwe wake. Angemwaibisha Kitsa, angemwaibisha na mzee, na yule binti yao katikati. Kwa hiyo alizima gari akanyamaza, akidhani mzee mwenyewe ataelewa. Mimi nilikuwa nimemdhania mzembe.

Jumanne 28 Oktoba

Mama amenisalimia leo. Tumesogea.

Jumanne 4 Novemba

Nina hasira, herufi zitanisamehe.

Asubuhi Paulin amenipigia simu, sauti tamu kama ya mtu anayetoa pole. Amenijulisha kwamba Jumamosi iliyopita mteja wangu alikwenda nyumbani kwa Papa Ézéchias pamoja na baba yake mdogo, mzee Maliro, na watu wa ukoo. Walipeleka mbuzi. Éliakim alipiga magoti uani mbele ya watu wote akaomba msamaha. Paulin ana mashahidi wawili. "Virginie," akasema, "mutu anaomba pardon juu ya nini, kama hana kosa?" Ataliweka mbele ya hakimu kama ungamo, na kisheria ungamo la mtu mwenyewe ni pigo ambalo siwezi kulizuia kwa kiganja.

Niliketi kwanza. Halafu nikampigia Éliakim. Nilimkumbusha kwamba nilimkataza kusema lolote na upande wa pili bila mimi. Nilimuuliza kama anajua amefanya nini, kama anajua kwamba kwa magoti yale ameiangusha kesi ya mtoto wake. Nilisema na mengine ambayo wakili hamwambii mteja. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Maître, kuomba pardon haiko kusema niko na kosa," akasema. "Ye ni mukubwa. Tumekuwa naye myaka kumi na mbili. Roho yake ilikuwa mubaya juu yangu, mi naenda kuipoza. Baba mudogo alisema hatuwezi kusimama naye ku tribunal mbele hatuyamuomba."

Mbele hatuyamuomba, yaani kabla hatujamwomba. Kwa watu hawa, heshima inapaswa kutangulia kesi. Na mimi si ninawajua? Si nimelelewa hapa hapa, si nimemwona baba yangu akiomba msamaha kwa kaka yake mkubwa kwa shamba ambalo kaka mwenyewe ndiye aliyelimega? Najua kabisa. Lakini hakimu anasoma kitabu, na kitabu hakijui magoti ya heshima. Nilikata simu bila kuaga.

Jumatano 5 Novemba

Nimempigia Éliakim kumwomba radhi kwa maneno ya jana. Akasema hakuna kitu, Maître. Hata hapo sikujua kama amenisamehe au ananiheshimu tu.

Jumapili 9 Novemba

Mvua ilianza wakati wa ibada, mama amerudi amelowa. Alikaa jikoni kuchagua maharagi, mimi nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa akaiuliza kesi. Nikamweleza habari ya mbuzi, maana kanisani imeshafika. Nilidhani atafurahi kwamba mzee wake ameombwa msamaha.

"Na ile mbuzi, alimukula?" akauliza.

Nikamwambia, mama, hilo si jambo la kesi, mimi naongelea ungamo, yeye anaongelea nyama. Akaendelea na maharagi. Nimelala na dawa mbili.

Alhamisi 13 Novemba

Beni. Njia ilikuwa kimya.

Paulin alizungumza vizuri, lazima niseme. Aliwaleta mashahidi wake, wakaeleza habari ya ua, mbuzi, magoti. Kila neno lilikuwa kweli. Nilisimama nikaeleza kwamba kwetu msamaha unaombwa hata na asiye na kosa, kwa kumtuliza aliye mkubwa, na nilipokuwa nasema nilijisikia kama mwanamke anayetoa visingizio. Wasaidizi wawili wa hakimu, mmoja anayekaa kwa niaba ya waajiri na mwingine kwa wafanyakazi, wote walitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia.

Hakimu ni mtu wa Magharibi mwa nchi, hakuzaliwa na desturi zetu. Akaomba Papa Ézéchias aje mwenyewe tarehe ishirini na sita, amsikie kwa kinywa chake. Paulin alitabasamu. Mzee wa kanisa akisimama pale na kusema ndiyo, nimeombwa msamaha, tumemaliza.

Jumatano 19 Novemba

Falonne amerudi hospitali. Safari hii ni mbaya. Bénite ndiye aliyepiga simu. Wanatafuta damu, na ya baba haifai. Hospitali imempokea kwa kuhurumia, lakini daktari amewaambia waziwazi kwamba mtoto huyu hawezi kuishi kwa huruma za mara moja moja, anahitaji dawa kila mwezi na kitanda kila anapougua. Anahitaji bon.

Nimejifungia ofisini nikalia. Naandika hapa kwa sababu daktari wangu alisema niseme.

Alhamisi 20 Novemba

Damu imepatikana kwa mwalimu wake. Anapumua vizuri.

Jumanne 25 Novemba

Nimeshuka Beni leo ili kesho nisimlazimishe dereva yeyote. Nimesoma majalada, nimeandika maswali, nimeyafuta yote. Sina kitu cha kumuuliza mzee huyo kisichoniangamiza.

Jumatano 26 Novemba

Niiandike polepole, nisiharibu.

Nilikuwa sijawahi kumwona Papa Ézéchias kwa karibu. Kichwani nilikuwa nimemjenga mtu mnene mwenye sauti. Akaingia mzee mdogo, shingo nyembamba ndani ya kola, kofia amebeba tumboni kwa mikono miwili. Kitsa alimfuata nyuma na kumsogezea kiti. Mzee alimsalimia hakimu, akawasalimia wasaidizi, kisha akageuka akamsalimia Éliakim na kumuuliza mtoto anaendeleaje. Éliakim akamwita Tata, baba, akasema tunashukuru Mungu. Mahakama yote ilingoja wamalize.

Paulin akaanza. Ni kweli kwamba huyu dereva alikuja kwako na ukoo wake? Ni kweli. Alipiga magoti? Alipiga. Aliomba msamaha? Aliomba. Paulin akaketi na kuniachia uwanja kwa mkono, kwa adabu ileile aliyonifundisha.

Nikasimama sina swali. Nilimwona Éliakim ameinama, nikamfikiria Falonne, na swali la mama likanijia hivi hivi, na maharagi yake. Paulin alinifundisha kwamba wakili haulizi mahakamani swali ambalo hajui jibu lake. Mimi sikujua. Kama mzee amemla mbuzi, basi mbele ya watu wote amekubali kwamba alikosewa, na nimejichimbia mwenyewe. Nikauliza.

"Papa, ile mbuzi, mulimukula?"

Paulin akainuka akasema swali halina uhusiano na kesi. Hakimu naye alitaka kujua uhusiano uko wapi. Kabla sijajibu, yule msaidizi wa upande wa waajiri, mfanyabiashara wa hapa hapa, alimwinamia hakimu akamnong'oneza kwa muda. Hakimu akamgeukia mzee akamwambia ajibu.

Papa Ézéchias aliizungusha kofia. Kitsa alikuwa anamwangalia kisogoni.

"Hapana," akasema. "Iko kwangu nyuma ya jiko. Tunaikatia majani."

Hakimu akamuuliza kwa nini.

"Mbuzi ya pardon, ukimukula, unasema ule mutu alikukosea na sasa imeisha. Nilituma batu bamuchinje mara mbili, mara mbili nikabazuia. Éliakim hakunikosea. Ile siku yenyewe nilimuuliza Kitsa kama convoi, ule msafara, ilikuwa imepita, akaniambia hapana, bado. Tangu ile siku nilijua. Sasa nitakula nyama yake namuna gani?"

Paulin aliweka kalamu chini, taratibu. Hakimu akauliza kwa nini basi aliiacha barua ya kumfukuza iende. Mzee hakumtazama mkwe wake.

"Ye ni baba ya bajukuu yangu," akasema.

Niliketi. Nilikuwa nimemchukia mzee huyu miezi mitatu, na pale nilimwonea huruma ya kweli. Alikuwa amebanwa na heshima ileile iliyomfanya Éliakim anyamaze, kila mmoja akimsitiri Kitsa, na mtoto wa miaka tisa akibeba mzigo wao wote.

Hakimu alitupumzisha. Tuliporudi Paulin mwenyewe aliomba tuandike mapatano. Éliakim anarudi kazini kana kwamba hakutoka. Bon inarudi leo hii. Kitsa anahamishwa duka la Butembo. Nikaongeza mstari wangu mmoja, kwamba hakuna dereva atakayetumwa mbele ya msafara, na mzee akasaini bila kuuliza.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Éliakim alinishika mkono akasema wasingya, wasingya, mara nyingi, kwa Kinande, kama nilivyokuwa nashukuriwa na bibi yangu. Nilicheka peke yangu kwenye gari, na pale kilimani nikanyamaza na wengine.

Alhamisi 27 Novemba

Nimemwambia mama. Akasema alijua hatamla, Papa Ézéchias ni mtu wa Mungu. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema nilimwambia anaongelea nyama.

Jumanne 2 Desemba

Falonne amelazwa kitanda cha dirishani, na bon juu ya meza. Bénite amenitumia picha. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba nimekula usiku bila dawa.

Jumamosi 6 Desemba

Hakuna cha kuandika. Jua.

Jumanne 9 Desemba

Niliamka vizuri. Nilikuwa na mteja mpya, mwalimu wa kike aliyeondolewa shuleni kwa kuwa mjamzito, kesi rahisi na safi. Saa nne hivi simu ikalia, Bénite. Nilidhani ni habari ya mtoto. Mtoto mzima, akasema, amekula uji. Alitaka tu kuniambia kwamba Éliakim amepewa lori lake leo, amekwenda na msafara, anapita Mavivi kuchukua kakao ya mbele. Akaniuliza kama nina habari yoyote ya njia, maana kwake hakuna anayejua.

Nikamwambia sina. Nilimrudia mwalimu nikamwomba aanze upya, nikaandika jina lake mara mbili kimakosa.

Msimu mzima nimesafiri, nimegombana, nimelia, nimeuliza swali nisilojua jibu lake, ili mtu mmoja arudishwe kwenye njia aliyoikataa. Hakuna mstari katika mapatano unaobadilisha msitu. Msafara una askari, ndiyo, na misafara nayo tumeshasikia ikivamiwa. Alinipa kesi kwa sababu aliogopa njia ile, na mimi nimeishinda kesi nikamrudishia njia. Angeniambia nini kingine cha kuomba? Bila lori hakuna bon, na bila bon hakuna Falonne. Yeye alikuwa ameshalijua hili siku ya kwanza, aliposema anataka tu kurudi kazini, na mimi nikamwona mtu asiye na maneno.

Tumbo limerudi. Mchana sikula. Nilimpigia Paulin, sijui kwa nini yeye, nikamweleza. Hakunikumbusha kwamba wakili si ndugu wa mteja. Alisema naye amekuwa akiangalia simu tangu asubuhi.

Mama amepika, nikamwambia bado. Aliketi nami kwenye baraza, akaombea njia kwa sauti ya chini, akamtaja Éliakim, akawataja na askari.

Saa kumi na moja na dakika chache simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Éliakim, mrefu kuliko jumbe zote alizowahi kunitumia:

"Nimefika, Maître. Njia ilikuwa muzuri. Kesho tunarudia."